Marehemu Alitoka Buluu

Lile jiwe nililowaacha nalo hewani wiki jana lilitua. Lilitua juu ya jicho la Mukonyo, mjane wa marehemu Muange, mbele ya jeneza la mumewe, mchana wa jua kali, kwaya bado imesimama na vitabu mikononi.

Hakupiga kelele. Alikaa chini tu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna kiti.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana, sogea nikupashe upesi, maana wenye mawe hawangoji. Mimi ni Bi Mesalimu. Nina kibanda cha kuchapa karatasi hapa Ukunda, mimi na mjukuu wangu Nimwaka. Yeye ndiye aliyesomea kompyuta. Mimi niliishia darasa la saba, lakini wino ni idara yangu.

Sisi Waislamu maiti wetu huzikwa siku hiyo hiyo, hana programu wala picha. Ndugu zetu Wakamba wa mashamba ya Shimba Hills wao hungoja, huchanga, na huchapisha programu ya mazishi yenye sura ya marehemu ukurasa wa mbele, kwa rangi. Riziki yangu inatoka kwenye hiyo sura. Na huyu Muange alikuwa mume wa rafiki yangu, maana Mukonyo huuza machungwa mbele ya kibanda changu mwaka mzima.

Kitendawili.

Nina ng'ombe wanne katika zizi moja. Mmoja akikosa maji, watatu huzaa ndama wa ajabu.

Umeshindwa? Nipe mji. Haya, nimeupokea. Ni wino wa printa: mweusi, wa manjano, wa buluu na mwekundu. Mwekundu ukipungua, kila mtu hutoka na rangi ya maiti aliyeokotwa ufuoni.

Na mwekundu wangu ulipungua. Nikaurefusha kwa maji yaliyochemshwa, nikausukuma kwa sindano ndani ya kateriji, kile kikopo cha wino, nikaifunga kateriji kwa kitambaa cha moto ili itoe machozi yake ya mwisho. Ndivyo ninavyobana wino, na barabara nzima wamejifunza kwangu. Muange akatoka buluu kuanzia utosini mpaka kucha.

Binti yake, Claire, alilalamika. "Bibi, baba hakuwa na rangi hii."

Nami, ili nisichape upya, nikamjibu mbele ya ami yake, Gedion: "Mjukuu wangu, mashine haina huruma kama macho yetu. Inatoa kilichopo."

Maneno hayo Gedion aliondoka nayo. Siku ya mazishi akayatoa kwenye kipaza sauti. Akawaambia waombolezaji kwamba picha aliipiga yeye mwenyewe kwa simu yake, Jumapili, ndugu yake akiwa hai. Kwamba mwenye mashine amethibitisha rangi ni ile ile. Basi Muange alikuwa amekwisha kulishwa sumu akiwa bado anakaa kitini na kuzungumza. Na ni nani aliyekuwa akimpikia mle ndani?

Ndipo likaruka jiwe.

Sasa endelea nami.

"Mchawi!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma ya hema.

"Si mchawi, muuaji!"

"Yote mawili!"

Vijana waliochimba kaburi ndio waliomfikia kwanza, koleo bado mikononi. Mmoja alimkamata leso, mwingine nywele. Wakamburuta juu ya udongo wa kaburi. Niliona kiatu kikimwingia ubavuni, na nikasikia sauti kama ukuni unaovunjwa gotini.

Mchungaji Justus alijitupa katikati. "Wapendwa! Wapendwa katika Bwana, tuombe!"

Wakamsukuma. Alianguka chali, na Biblia yake ikafika kaburini kabla ya mwenye kaburi.

Claire alimrukia kijana mmoja mgongoni, akamng'ata sikio mpaka akatema kitu. Kijana yule akajipinda, akampiga kiwiko cha koo. Binti wa watu akaanguka kando ya jeneza la babake, anatafuta pumzi.

"Muulizeni alimpa nini!" Gedion alinguruma kwenye kipaza sauti. Huyu Gedion anafanya kazi hotelini Diani, amezoea kukaribisha wageni kwa spika. "Muulizeni!"

"Sikumpa kitu, shemeji," Mukonyo alisema, damu inamwingia mdomoni. "Alikuwa hali chakula. Nilimpa uji."

"Mmesikia? Uji!"

"Uji!" umati ukaitikia, kama kwamba uji nao umeshikwa na hatia.

Kiatu cha pili. Cha tatu. Mama mmoja wa kwaya, yule aliyekuwa akiimba sauti ya juu tangu asubuhi, alivua kiatu chake chenye kisigino akaja akampiga nacho kichwani, akarudi mahali pake kwenye mstari.

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, hemani.

Nisikufiche. Nilikaa. Nilikuwa nimekwisha kukusanya buibui langu mapajani ili niinuke niende zangu barabarani. Moyo ulikuwa ukiniambia: Mesalimu, funga mdomo. Ukisema ni wino, jiwe litakalofuata ni lako. Wewe ni Mdigo katikati ya matanga ya Wakamba, na bega lako la kushoto halipandi hata kuanua nguo. Nenda.

Nikainuka niende.

Kijana mmoja alipita mbele yangu anakimbia. Alikwenda kwenye jenereta ya kanisa, ile inayoendesha spika, akaizima, akaitoa petroli yake kwenye dumu, akarudi nalo. Spika zikafa. Mwenzake alikuwa akibingirisha tairi kuukuu la pikipiki, analisukuma kwa kijiti.

"Susu, pisha," aliniambia. Susu ndiyo bibi kwao. Aliniambia kwa adabu kabisa.

Nikapisha.

Wakamvalisha Mukonyo tairi mpaka kifuani, mikono ikabanwa ndani. Petroli ikaanza kumwagwa kichwani. Alipanguza macho kwa bega, jicho moja limekwisha kufumba, na lile lililobaki likanitafuta hemani mpaka likanipata.

"Dada Mesalimu," aliita. "Waambie habari ya wino."

Watu wote wakageuka kunitazama.

Kijana mmoja alikuwa na kiberiti mkononi, amekwisha kukifungua. Basi nikafanya jambo moja ambalo nimelifanya maisha yangu yote mbele ya watoto wenye fujo. Nilipiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Kitendawili!"

Na wao, Wallahi, na mawe yao mikononi, wakajibu. "Tega!"

Si wote. Lakini wengi. Midomo ilijibu kabla ya akili, kama tulivyofundishwa sote darasani.

"Alikufa juzi kwa ugonjwa, akauawa leo kwa sindano yangu!"

Kijiti cha kiberiti kilikuwa kimesimama hewani, hakijawashwa.

"Mmeshindwa? Nipeni mji!"

"Chukua Kinango," alisema mzee mmoja.

"Kinango hakuna maji, mpe Msambweni," akadakia mwingine, na mtu akacheka, kisha akakumbuka yuko wapi, akanyamaza.

Nikawahi kabla hawajazindukana. "Ni hii picha mliyoishika! Sura ya Muange! Ni mimi niliyempaka buluu. Wino wangu mwekundu ulikwisha, nikautia maji nisinunue mwingine. Claire aliniambia si rangi ya baba yake, nami nikamdanganya. Mashine haikusema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo. Mwacheni huyu mama!"

Wakazitazama programu zao. Mikono mingine iligeuza karatasi huku na huku. Mama mmoja alilamba kidole, akausugua uso wa Muange, akaangalia kidole chake.

"Na mkono wake mbona nao ni buluu?" aliuliza. "Sumu inafika mpaka kucha?"

"Hata shati," alisema mwingine. "Shati nalo limelishwa sumu?"

Nikaona mabega yanashuka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, tumepona.

Gedion aliteremka kutoka kwenye jukwaa. Alikuja taratibu, suti yake nyeusi haina hata vumbi, akasimama mbele yangu.

"Mama," alisema, "siku ile kibandani uliniambiaje?"

"Nilidanganya, baba."

"Siku ile ulisema kweli na leo unadanganya? Au siku ile ulidanganya na leo unasema kweli? Tukuamini lini? Tupe ratiba."

"Leo."

"Kwa nini leo?"

"Kwa sababu leo mnataka kumchoma mtu."

Akanipiga kofi.

Mimi ni mtu mzima. Nimelea, nimezika, nimepigwa na maisha kwa pande zote, lakini kofi la mwanamume usoni nilikuwa sijalionja tangu marehemu mume wangu alipojaribu mara moja na hakurudia. Nilianguka juu ya viti. Nilikuwa na meno mawili ya mbele ya kujivunia. Nikatema moja kwenye kiganja, nikalitazama, nikalitia kwenye pindo la leso. Sijui kwa nini. Mazoea ya kutotupa kitu.

"Wewe umempiga bibi wa watu?" ilikuwa sauti ya yule mzee wa Kinango.

"Ni rafiki yake!" Gedion alimgeukia. "Wanashinda pamoja kila siku. Mnataka ushahidi? Simu hii hapa. Picha yenyewe imo humu. Njooni muone kwa macho yenu, bila wino wa mtu!"

Akaichomoa simu kutoka kifukoni na kuiinua juu.

Claire alikuwa ameinuka. Koo lake lilikuwa likikwaruza kama mlango. "Nipe nikawaonyeshe," alisema. "Nipe, ami. Wewe utawaonyesha unachotaka."

"Rudi nyuma."

Hakurudi. Alimdandia mkono kwa mikono yake yote miwili. Gedion akavuta huku, Claire akavuta kule, Gedion akampiga kichwa cha pua, na ile simu ikaruka juu kama samaki. Iligonga ukingo wa saruji wa kaburi, ikadunda, ikatua kwenye koleo. Kijana mmoja aliyekuwa akirudi nyuma akaikanyaga kwa buti.

Iliokotwa vipande viwili.

"Umeivunja makusudi!" Gedion alimfokea Claire.

"Wewe ndiye uliyeitupa! Unaficha nini?"

"Mimi naficha? Mimi?"

Damu ya pua ilikuwa ikimtiririka Claire mpaka kwenye gauni lake jeupe. Watu wakagawanyika pale pale. Upande mmoja wakasema ami anaficha. Upande wa pili wakasema binti anamfichia mama yake. Mtu alirusha kiti cha plastiki. Kikarudishwa na mguu mmoja pungufu. Panga likatoka kwenye ala, nikaona mwanamume akishika bega lake na vidole vinageuka vyekundu. Na katikati yao wote Mukonyo, ndani ya tairi, amelowa petroli, na yule mwenye kiberiti bado amekishika, anangoja aambiwe.

Ndipo nikasema neno ambalo nalilia mpaka leo.

"Picha ninayo mimi!"

Hata aliyeinua kiti alikishusha.

"Picha zote za wateja tunaziweka kwenye kadi," nilisema, na kila neno lilitoka na damu. "Kadi inaingia kwenye printa yenyewe. Hatuwashi hata kompyuta, isile umeme. Mjukuu wangu ataileta printa hapa, na kateriji mpya, ambayo haijafunguliwa. Tuchape mbele yenu. Akitoka buluu tena, nichomeni na mimi. Akitoka alivyokuwa, mmwache huyu mama amzike mumewe."

Yule mzee akaitika. Mchungaji Justus, udongo mpaka kwenye nyusi, akaitika. Gedion aliwatazama watu wake, akaona wanataka kuona.

"Leta," alisema.

Nilikwenda nikampigia Mukonyo magoti. Nilitaka kumwambia vumilia, imekwisha.

"Mashine ya nini, dada?" alininong'oneza. "Si wamekwisha kukusikia? Waambie tena. Waambie tu."

"Wakiona wataamini."

"Dada, nakuomba."

Nikadhani ni uchungu unaosema. Nikampangusa uso kwa pindo la leso yangu.

Nimwaka nilimpigia simu nikamwambia mambo matatu kwa pumzi moja: printa, kadi, kateriji mpya.

"Ile uliyoificha kwenye mtungi wa mchele? Ile uliyosema nisiiguse mpaka ufe?"

"Iguse. Panda bodaboda. Usiulize."

Tukangoja. Mukonyo walimvua tairi, kisha wakamfunga kwenye nguzo ya hema kwa kamba zilizoletwa za kumteremshia mumewe kaburini. Walimgeuza aelekee kaburi. "Amtazame," alisema mmoja. Yule aliyekatwa begani alifungwa kitambaa cha kwaya. Jeneza likasogezwa kivulini. Gedion, lile panga sasa liko mkononi mwake, alizunguka na kuzunguka, hazungumzi na mtu. Kila alipopita karibu na nguzo alimpiga Mukonyo teke la mguu, si kwa nguvu, kama mtu anayejaribu tairi lina upepo. Claire alimsemesha ami yake huyo kwa Kikamba, maneno mengi, na kwa neno la mwisho alitema mate.

Nimwaka alifika amepakata printa mapajani, ameifunga kwa leso kama mtoto. Alishuka, akaona damu, akaona kamba, akaniona mimi.

"Bibi, mdomo wako umefanya nini?"

"Nimeupunguza. Weka hapo."

Meza ya mchungaji iliwekwa karibu na ile nguzo ya hema, kwa sababu waya wa jenereta haukufika mbali zaidi. Mimi nikasimama mbele ya mashine. Mukonyo alikuwa mgongoni kwangu, nikisikia pumzi zake zinavyokatika. Jenereta ikakataa kuwaka.

"Petroli mlitia wapi?" Nimwaka aliuliza.

Watu wakatazamana. Nusu ilikuwa kwa Mukonyo. Nusu nyingine, ndani ya dumu, yule kijana aliirudisha kwenye tangi, bila kumtazama mtu, na jenereta ikanguruma.

"Hakuna moto hapa," nilimwambia mwenye kiberiti. "Unasikia harufu? Utatuwasha sote." Alikitia mfukoni. Akakitoa tena, akakishika tu.

Gedion aliichana nailoni ya kateriji kwa meno yake mwenyewe, asije akachezewa. Akainusa. Akaitikisa. Akaiinua juu watu waione, nyekundu imejaa mpaka kwenye kizibo. Hata pale, na petroli ikinichoma puani na jino langu liko kwenye leso, moyo uliniuma kuiona inafunguliwa. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyoumbwa.

"Chapa kubwa," alisema Gedion. "Karatasi nzima."

Ulimi ukaniteleza. "Nusu inatosha."

"Nzima!"

Nimwaka akaipachika kateriji, akachomeka kadi. Akabonyeza. Printa ikalia, ikaivuta karatasi, ikaanza ile kazi yake ya kwenda na kurudi.

Ukichapa kwa wino wa maji, mtu hutoka kuanzia juu, mstari kwa mstari. Kwanza lilikuja pazia la sebuleni kwao, nyuma ya kichwa chake. Jekundu! Jekundu kama pilipili. Nikapumua.

"Mwekundu huo hapo!" niliwaambia. "Mnauona?"

"Tunauona!"

Zikaja nywele, mvi kwa mvi. Likaja paji la uso, la kahawia, la joto, rangi ya korosho iliyokaangwa. Mzee wa Kinango alisema, "Eh, Muange." Claire alijishika kifua.

"Huyo," alisema. "Huyo ndiye baba."

Yakaja macho. Macho yake yale ya mzaha, aliyokuwa akinitazama nayo alipokuja kumchukua mkewe jioni na kuniuliza kama na chai yangu naichanganya na maji. Wanawake wa kwaya wakaanza kulia kilio cha kawaida, cha msiba, cha watu walioachiliwa. Mawe yakaanza kudondoka chini, moja, jingine, puh, puh. Yule aliyempiga kisigino alikuja mpaka karibu na nguzo, akasema, "Mukonyo, dada yangu, nisamehe, shetani." Mchungaji Justus alikwisha kuinua mikono.

"Mfungueni," alisema. "Mfungueni mama wa watu."

Gedion aliliweka panga mezani. Alikuwa ameangusha kichwa. Hakuna aliyekuwa akiangalia mashine tena ila mimi, kwa sababu mimi siachi karatasi ikitoka bila kuiangalia, isije ikakwama ikaharibika bure.

Ikaja pua. Yakaja masharubu.

Ikaja midomo.

Nilipepesa macho nikidhani ni jasho.

Midomo ya Muange ilikuwa buluu.

Si buluu ya sindano yangu. Ile yangu ilienea kila mahali, shati, kucha, pazia. Hii ilikaa midomoni peke yake, imejipanga kwenye kingo zake, na kuizunguka ngozi ilikuwa ya kahawia safi, na nyuma pazia lilikuwa jekundu la kupigiwa mfano. Wino ulikuwa umejaa. Hapakuwa na kosa lolote katika mashine ile.

Mkono wangu haukuniuliza. Ulikwenda ukaishika karatasi, ukaivuta. Printa ikapiga ukelele kama nguruwe anayechinjwa, ikakwama, ikawasha taa zake zote. Nikaikunja ile sura ndani ya ngumi, bado mbichi, wino unanivuja katikati ya vidole.

Kilio cha kwaya kikakatika.

"Bibi?" alisema Nimwaka.

"Imekwama," nilisema. "Imekwama tu."

"Haikukwama. Umeivuta."

Mtoto niliyemlea mwenyewe.

Gedion aliinua kichwa. Aliitazama ngumi yangu kwa muda, na nikaona kitu kinamrudia usoni. Akalichukua tena panga.

"Susu," alisema, kwa upole ulionitisha kuliko lile kofi. "Fungua mkono."

Watu wakaanza kuinama, kuokota walichokuwa wamekitupa. Yule mwenye kiberiti akasogea hatua moja.

"Bibi, mbona hufungui?" Claire aliuliza, pua bado inamvuja. "Si ni baba tu? Si tumemwona? Wafungulie waone waende zao."

"Fungua mkono!"

Ndipo nikasikia pumzi sikioni mwangu, nyuma yangu, yenye harufu ya damu na petroli. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayejua anachokisema.

"Usifungue, dada," alisema Mukonyo.

Na Mukonyo alikuwa bado amefungwa pale kwenye nguzo, uso umeelekea kaburini. Ile karatasi hakuwa ameiona.